Nukta Baada ya Hapana

Jambo la kwanza lililotugombanisha na ile tableti lilikuwa jina lake. Tangazo lilifika kwenye simu ya mume wangu Jumapili moja baada ya misa, limepitishwa kundi hadi kundi mpaka picha imefifia. Lilikuwa limeandikwa kwa Kiswahili kizuri cha Tanzania: kishikwambi kipya, bei nafuu kuliko wenzake wote. Mume wangu alilisoma, akanigeukia ili nione midomo yake.

“Kishikwambi. Ni nyama gani iyo?”

“Mi naona ni ugonjwa,” nikamjibu. “Ya kuku.”

Alicheka mpaka akashika ukuta. Mimi pia nilicheka, ingawa kicheko changu sijakisikia tangu menenjiti iliponiachia uhai na kuondoka na masikio. Nilikuwa mtu mzima tayari, fundi wa kushona hapa Butembo, mwenye wateja wake na ulimi wake mkali. Nilipozinduka hospitalini nilimwona daktari anafungua na kufunga mdomo, nikadhani anatafuna kitu, nikachukia kwamba anakula mbele ya mgonjwa. Kumbe alikuwa ananiuliza jina langu.

Tangu hapo nasikia kwa macho. Mume wangu namsoma hata akiwa na mswaki mdomoni. Wateja wangu, anayeweza kuandika anaandika, asiyeweza ananionyesha kwa mikono pale nguo inapombana. Nimezoea, au nasema nimezoea ili watu waache kunihurumia. Lakini chini ya ile picha kulikuwa na mstari mmoja, na nilipousoma kicheko kilinikatika. Kifaa hiki, walisema, kinaandika chenyewe maneno unayoyatamka, kwa Kiswahili, bila intaneti. Nilimnyang'anya mume wangu simu nikausoma tena. Nilikuwa nimemfikiria mama yangu.

Mama alikuwa Beni, mtaa wa Bungulu, nyumbani kwa kaka yangu mkubwa. Vita vilimtoa Luofu, kijijini kwetu. Alitembea hadi Kayna pamoja na majirani, wakapata lori, akashuka Beni na nguo alizovaa, rozari shingoni na jembe mkononi. Jembe! Watu wanakimbia na godoro, na redio, na mbuzi, yeye anakimbia na jembe, na ukimuuliza anakutazama kama wewe ndiye mjinga. Nyuma yake kulibaki nyumba, shamba la maharagwe, na kaburi la baba chini ya mikaratusi.

Moyo wake ulikuwa umechoka na miguu ilikuwa ikivimba. Lakini kilichoniua mimi kilikuwa meno. Meno yalikwisha yote, midomo ikakunjika kwa ndani, na akisema haisomeki hata kidogo. Mtu pekee duniani ambaye nilitaka kumsoma, sikuweza. Kuandika hakufundishwa. Kwa hiyo kati yangu na mama alisimama wifi yangu, mke wa kaka.

Sitaki kumsema vibaya wifi yangu. Alimwogesha mama, alimlisha, alimwinua. Lakini katika kutafsiri alikuwa mwizi. Nakumbuka safari moja nilipofika Bungulu, mama alinishika mkono akaanza kuongea. Aliongea wakati wifi anapika, akaongea wakati anachambua sombe, majani ya muhogo, akalia kidogo, akajifuta na kona ya kitenge, akaendelea. Mimi nilikaa natikisa kichwa kama ninayeelewa. Wifi alipokaa, nikamuuliza.

“Mama anasema nini?”

“Anakusalimia.”

“Na kile chote?”

Wifi akafikiria. “Anasema Mungu ni mukubwa.”

Nilirudi Butembo nina njaa ya mama yangu. Nasema njaa kwa sababu sina neno lingine. Nilikuwa namwona, namshika, nalala kando yake, na hakuna hata sentensi yake moja iliyonifikia nzima. Na nilijua hana muda. Kila mtu alijua, ila huku kwetu jambo la namna hiyo halitamkwi.

Jumatatu yake nilifunga mashine yangu mapema, nikamvuta mume wangu hadi kwa mfanyabiashara mmoja wa mjini anayekwenda Dubai na China na kurudi na kila kitu kinachowaka. Yeye ndiye aliyekuwa akichukua komande, yaani oda, za ile tableti mpya. Mzigo ulikuwa bado njiani, lakini alikuwa na moja ya kuonyesha. Nilimwambia atoe na nyingine zote aziweke kwenye kaunta. Alidhani natania.

Mimi ninanunua vitambaa tangu ujana wangu. Ninajua kitambaa kinachong'aa dukani na kupauka kwenye maji ya kwanza. Huwa navuta, nakunja, nanusa, natia mate kidogo na kusugua rangi. Zile tableti nilizifanyia hivyohivyo, isipokuwa mate, na hata hayo ni kwa sababu mume wangu alinishika mkono.

Ya kwanza ilikuwa kubwa, ya okazioni, imetumiwa na mtu Dubai huko. Kioo chake kilikuwa kizuri, herufi unazisoma ukiwa mlangoni. Iliandika maneno na ikahifadhi pia sauti ya aliyesema, ili ukitaka umsikilize tena. Lakini kila neno ilitaka mega za intaneti, na mtandao wa Bungulu unakuja na kuondoka kama mgeni asiyetaka kukaa. Nilijiona nimeketi mbele ya mama, yeye anasema, na kile kioo kinazungusha kiduara. Niliisukuma pembeni.

Ya pili ilikuwa nafuu, haina hata mahali pa kuweka puce, ile laini ya simu, na ilijua Kifaransa na Kiingereza tu. Kifaransa cha mama yangu kilikuwa bonjour, na hiyo alimwambia padri peke yake. Nilimrudishia hata kabla hajamaliza kuisifu.

Simu yangu mwenyewe ilikuwa na programu ya namna hiyo pia. Nilikuwa nimeijaribu. Herufi ndogo, betri inakufa, na mega zinaliwa kama karanga.

Ikabaki ile mpya. Nisiseme uongo, ilikuwa kitu cha hovyo. Mgongo wa plastiki ulilia ukiubonyeza, nasema ulilia kwa sababu niliusikia vidoleni. Juani kioo kilikuwa giza. Kumbukumbu yake ndogo. Waya wa kuchajia mfupi kiasi kwamba ingebidi ulale ukutani. Lakini mfanyabiashara aliizimia mtandao mbele yangu, akaisogeza mdomoni, akasema kitu, na maneno yakatokea.

“Ile tu mama ujue,” akaniandikia kwenye karatasi ya karton, kisha akaisema pia ili mume wangu asikie, “hii haichunge sauti. Inaandika, sauti inapotea. Ile kubwa njo inachunga.”

“Sauti nitafanya nayo nini?” nikamwambia. “Nitaitia mu sombe?”

Walicheka wote wawili. Nilikuwa sahihi. Kiziwi analipaje zaidi kwa ajili ya sauti?

Nikamwambia mume wangu aijaribu yeye. Akainama, akasema polepole, nami namsoma midomo: “Bibi yangu hapana sikia.” Kwetu hayo ni maneno ya kawaida, mke wangu hasikii. Kioo kikaandika:

Bibi yangu. Hapana. Sikia.

Tulicheka tena. Ile tableti ilikuwa imesomea pwani. Kwao hapana inasimama peke yake, ni jibu, mtu anakataa na sentensi imekwisha. Sisi hapana tunaifunga kwenye kitendo: hapana kula ni usile, au hali, au hawali, kadiri ya mazungumzo. Kile kifaa kilipofika kwenye hapana kiliona mtu amekataa, kikaweka nukta. Batoto kiliiandika watoto, mutu ikawa mtu, kinatusahihisha kama mwalimu aliyevaa tai. Nikasema nukta ni jambo dogo, ni uzi uliobaki kwenye pindo, utaukata nyumbani. Mume wangu akajaribu na Kinande, lugha ya kwetu. Ikaandika habari za ng'ombe na bandari, vitu ambavyo hakuvitaja hata kimoja.

Hapo ndipo nilisimama kidogo. Mama yangu na mimi hatujawahi kuongea Kiswahili. Kiswahili chake kilikuwa cha soko la Kayna, cha kuuza maharagwe kwa watu wa mbali na kubishana na madereva. Lugha yetu ya nyumbani haikuwa ndani ya kifaa chochote pale kwenye kaunta, wala kwenye kingine chochote ambacho yule mfanyabiashara aliwahi kukiona. Kama nataka kumsikia mama yangu, itabidi aongee nami kama mteja.

Nikasema sawa. Nikatoa komande.

Mzigo ulichelewa. Ulikwama Kampala, kisha ukakwama mpakani Kasindi, na kila nilipokwenda dukani yule mtu aliniinulia mikono kabla sijafungua mdomo. Kaka alituma ujumbe kwamba miguu ya mama imevimba hadi mapajani. Nilishona gauni la harusi nikaweka mikono kinyume, mimi, ambaye wasichana wanakuja kwangu kujifunza mikono. Nilikuwa nikisali rozari nikajikuta nahesabu mizigo.

Ilipofika sikungoja hata kuvua utepe wa kupimia shingoni. Nilipanda gari la Beni na boksi kwenye mapaja.

Mama alikuwa kitandani, ameegemezwa mito. Nilimweleza kwa Kinande kwamba nimeleta kitu, aongee nacho Kiswahili, mimi nitasoma. Alikitazama kile kitu muda mrefu, akakigonga kwa ukucha, akasema neno, na wifi akacheka mpaka akatoka nje. Alikuwa amekiita kabao, yaani kipande cha ubao. Kisha akakisogelea, akakikunjia uso kama anavyowakunjia wanunuzi, na maneno yakaja.

Wewe umekonda. Kilo zako ziko wapi?

Nililia hapohapo. Sikujificha. Ilikuwa sentensi nzima ya mama yangu, na haikupita kwa mtu yeyote.

Tukawa na siku zetu. Asubuhi wifi akienda sokoni au bombani, mimi na mama na kabao. Nilimuuliza kwa Kinande, akanijibu kwa Kiswahili cha Kayna, na kile kifaa kikakipangusa kikakivalisha shati jeupe. Alinisimulia namna walivyotoka Luofu, nani alibebwa na nani aliachwa. Aliniambia kaburi la baba hakulipalilia mwaka ule, na kwamba hilo linamuuma kuliko nyumba. Ndipo nikaelewa jembe. Hakulibeba kwa kukimbia, lilikuwa tayari mkononi, alikuwa anakwenda kaburini watu walipoanza kukimbia.

Kiswahili cha soko hakina maneno laini, na mama hakuwa na mengine. Siku moja alinitazama wakati namkanda miguu, akasema kitu kifupi. Nikasoma: Wewe ni faida yangu. Nikamfunika miguu nikatoka uani, nikasimama karibu na kuku mpaka nikaweza kurudi.

Sasa, Beni nako hakukuwa na amani; Bungulu risasi zikilia, mimi ndiye mtu wa mwisho kulala chini, kwa sababu nasubiri kuona wengine wamelala. Mume wangu hakupenda nikae huko. Alinitumia ujumbe nirudi, watoto wanauliza, wateja wanauliza. Asubuhi moja nikafunga mfuko wangu. Nikamwambia mama kwamba naenda Butembo, nitarudi kabla ya mwisho wa mwezi. Akasema kitu. Nikatazama kioo.

Hapana. Toka.

Nilidhani nimesoma vibaya. Akasema tena. Hapana. Toka. Mama yangu ananifukuza. Nikaanza kutafuta kosa langu haraka haraka: nimechelewa kuja, nimemletea kabao badala ya daktari, sikumzalia mjukuu mwenye jina la baba. Nikasimama, nikashika mfuko. Ndipo nikagundua kwamba siwezi kwenda, kwa sababu kitenge changu kilikuwa kimeshikwa. Mama alikuwa amekikamata kwa mkono wote, vidole vimepauka, na anavuta.

Wifi akaingia na ndoo. Nikamwomba amuulize mama amesema nini, na safari hii wifi hakuiba hata neno.

“Anasema ubakie,” akaniambia, midomo wazi kabisa. “Anasema hapana toka.”

Usitoke. Hiyo tu. Nilikaa chini kwenye sakafu nikacheka na kulia pamoja, na mama akaniuliza kupitia kabao kama nimepatwa na wazimu.

Tangu siku ile nilijifunza. Kila hapana niliitilia mashaka. Nikagundua kwamba hata midomo ile iliyokunjika inasema kitu kimoja kama ukiitazama kwa makini: mama akikataa, mdomo unapumzika baada ya hapana, unafunga, kisha unaendelea. Akikanya, haupumziki, neno linapita moja kwa moja. Kwa hiyo nilisoma kioo kwa maneno, na mdomo kwa nukta. Nilijisifu sana. Nilimwandikia mume wangu kwamba nimeishinda tableti.

Nikabaki Bungulu. Mama akazidiwa. Akawa anaongea kidogo, kisha analala, kisha anaongea tena akiwa amefumba macho. Kaka yangu aliniita uani siku moja mchana. Ni mtu mzito, fundi wa paa, haogopi kupanda popote, lakini siku hiyo alikuwa anachezea funguo.

“Tunapashwa kujua,” akasema, na akaisema polepole ili nimsome. “Siku ikifika. Ni hapa Beni, ao ni Luofu, kwa papa?”

Nilimwangalia. Luofu ilikuwa ng'ambo ya vita. Kupitisha sanduku huko ni kuomba ruhusa kwa wenye bunduki wa upande huu, kisha wa upande ule, na kutafuta dereva mwenye wazimu. Kuna familia zilizofanya. Kuna zilizorudishwa katikati ya njia na maiti wao.

“Umuulize weye,” nikamwambia. “Weye njo mukubwa.”

“Miye?” Akarudi nyuma kabisa, hatua nzima. “Mutoto mwanaume amuulize mama yake kaburi? Weye njo munaongeaka naye. Uko na ile machine.”

Huku kwetu mtu hamuulizi mzazi wake aliye hai mahali pa kumzika. Ni kama kumshikia koleo mbele ya macho. Tunangoja mwenyewe aseme, na asiposema tunabishana baada ya msiba. Kaka alitaka niivunje desturi hiyo kwa sababu nina tableti, kana kwamba kifaa ndicho kitakachouliza. Nilimkasirikia sana. Lakini alikuwa na haki kwa jambo moja, kwamba hakuna mwingine mama aliyekuwa anaongea naye.

Nikangoja wifi aende bombani. Mama alikuwa macho, amelala ubavu, ananitazama. Nikaweka kabao karibu na mto. Nikauliza kwa Kinande, haraka, kama mtu anayeng'oa mwiba: Mama, siku ile ikifika, tukupeleke Luofu kwa baba? Nikasubiri. Macho yangu yalikuwa kwenye kioo. Kisha kikaandika.

Hapana. Sahau.

Nikainua macho. Mama alikuwa amekwisha kufumba yake. Mdomo umetulia. Nikamgusa bega, nikasema, Mama, rudia. Nikasogeza kabao hadi kwenye midomo yake. Kioo kikabaki na maneno yaleyale mawili na nukta zao mbili. Nikamshika mkono nikauliza tena, nikauliza tena, sauti yangu sijui ilikuwa kubwa kiasi gani, ila wifi alikuja mbio kutoka bombani bila ndoo.

Mama hakuamka katika usingizi ule. Tulimpeleka hospitali akiwa anapumua, tukamrudisha akiwa hapumui.

Watu walipojaa uani, wazee wa ukoo, shangazi, majirani wa Luofu waliotawanyika Beni nzima, kaka akanivuta ndani ya chumba.

“Alisema nini?”

Nikampa tableti. Akasoma. Nikaona mabega yake yanashuka, kama mtu aliyetua gunia.

“Amesema hapana,” akasema. “Amesema tusahau. Donc, basi ni hapa.”

“Soma bila nukta,” nikamwambia.

“Namna gani?”

“Ile machine haijue kusema yetu. Inatiaka nukta. Soma vile mama anasemaka.”

Akasoma tena. Nilimwona anaisoma mdomoni, bila nukta, kwa Kiswahili chetu. Hapana sahau. Msisahau. Uso wake ukabadilika. Kaka yangu anajua Kiswahili cha Kayna kuliko mimi, alikulia kwenye soko lile mgongoni mwa mama. Akaketi kitandani alikokuwa amelala mama, akakaa na kile kitu magotini.

“Tia sauti tusikie,” akasema mwishowe.

“Haina sauti.”

“Namna gani haina sauti?”

“Haichunge sauti. Ile ilikuwa inachunga niliiacha Butembo.”

Hakunigombeza. Ningependa anigombeze. Alitoka nje, akakaa na wazee, nikaona midomo yao yote ikifanya kazi kwa wakati mmoja, na sikujaribu kuisoma. Barabara, nilijua wanasema. Vita. Sanduku. Mvua. Mmoja alikuja akakiomba kile kifaa, akasoma, akakipitisha kwa mwenzake, na kila aliyesoma alisoma na nukta, kwa sababu nukta ilikuwa pale na ilikuwa inawasaidia. Siwalaumu. Mimi pia nilikuwa na watoto Butembo, na wale ambao wangebeba sanduku walikuwa na watoto.

Tulimzika Beni. Misa ilikuwa kubwa, kwaya ilijaa, watu waliniambia iliimba vizuri. Kaka aliweka jembe la mama ndani ya kaburi na hakumuuliza mtu.

Nilirudi Butembo. Tableti ninayo, wateja wanaipenda. Wanaongea nayo habari za mikono na viuno, inaandika, wanacheka inavyowasahihisha. Kwa kazi ile inatosha kabisa. Mtu akiniuliza kama anunue, namwambia anunue, ila awe anatazama mdomo wa mtu pia.

Jioni moja tukiwa tumekaa tu, nilimwambia mume wangu ageuke kwangu na aseme maneno yale mawili, kwanza kama mtu anayekataa. Akasema. Mdomo ulifunga katikati, ukapumzika, ukafunguka. Nikamwambia aseme sasa kama mtu anayekanya. Mdomo haukufunga. Tofauti ilikuwa wazi, mtoto angeiona. Nikamwambia arudie, na arudie tena, mpaka akachoka akanishika magoti.

“Sasa mama yeye alisemaka namna gani?”

Nikamwambia sijui. Nilikuwa nimemuuliza mama yangu kaburi lake, nikaona haya kumtazama usoni, nikawa natazama kioo.